Kiziba

Chumba cha boila, nyuma ya hoteli, Milimani, Kisumu,
kilikuwa kimya mno niliposhika kitasa.
Boila yenye afya hunung'unika,
kama mwanamke anayehesabu chenji yake gizani.
Hii ilikuwa imenyamaza
kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Omuga," nikamwambia kijana wangu, "usiingie.
Simama hapo penye hewa. Chungulia geji."
Mshale ulikuwa umevuka mstari mwekundu zamani,
umelala juu ya msumari wake wa mwisho,
umechoka kumwonyesha mtu asiyetazama.

Swichi kuu iko nje, ukutani.
Nikaikata. Nikaitia kufuli langu jekundu.
Kufuli moja, ufunguo mmoja, mfuko mmoja,
na mfuko ni wangu.
Tukapindua ndoo mbili chini ya mwarobaini, tukakaa.

Saa moja. Saa mbili.
Meneja akaja na tai yake na simu yake:
wageni wa semina, taulo, maji ya kuoga,
kwani fundi analipwa kukalia ndoo?
Nikamwambia ndiyo,
leo fundi analipwa kukalia ndoo.

Sikumwambia habari za Okal.
Okal aliyenifundisha kukata bomba na kuchonga nyuzi,
kunusa kiungo kabla ya kukigusa,
alfajiri moja akaitwa duka la mikate, Kondele, haraka,
akaenda haraka.
Siku hiyo Kondele nzima ilikula mkate wa jana.
Siku hizi yuko kwao Nyahera.
Ngozi ya shingo imekuwa karatasi
iliyofinyangwa, kisha ikanyooshwa kwa kiganja.
Ukimpa chai, ataiweka pembeni
mpaka ifanye utando,
ndipo ainywe.

Chuma kilipopoa, nikavaa glavu, nikavaa miwani,
nikamwambia Omuga ashike ngazi kwa mikono miwili, si mmoja na simu.
Nikapanda mpaka kwenye vali ya usalama.
Mdomoni mwake, pale mvuke unapopaswa kutokea,
palikuwa na kiziba.
Cha shaba. Kimekazwa kwa spana ya saizi yake.
Nikakifungua nikihesabu tepu nyeupe:
mizunguko kumi na minne, imelala sawasawa,
hakuna hata mmoja uliopanda mwenzake.
Hapo ndipo moyo uliponiuma.
Mkono ule haukuwa wa mjinga.
Ulikuwa mkono wa fundi.

Tulilelewa na methali:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Nani atawafunza vijana hawa
kwamba uko ufa ukiuziba
ukuta wenyewe unakujia?

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo:
mita mbili za bomba, kona moja, vishikizo vitatu,
matone yashuke hadi mtaroni
badala ya kumwagikia sakafu.
Tulimaliza kabla ya saa kumi.
Kwenye ripoti nikaandika: *vali ilizibwa.*
Meneja akasoma akisimama, akaniuliza
kama hatuwezi kusema *vali ilikuwa na hitilafu.*
Nikamrudishia kalamu yake.

Tukiwa tunakusanya vifaa
akaingia Bi Perpetua wa kufua,
shuka begani, mguu wa kushoto ukifuata kwa kuchelewa.
Ndiye aliyeteleza hapo mwezi wa pili, kwenye maji ya vali.
Akasimama akisikiliza:
to. Kimya. To.
"Kumbe dawa ilikuwa bomba tu," akasema.

Omuga akainamia mkoba wa spana, hakujibu.

"Niliwaambia sakafu ina maji," akasema.
"Niliwaambia mara tatu.
Mara ya tatu wakaniambia
nifunge mdomo."